Toa, Toa, Jumlisha, Jumlisha

Mwalimu wa themodinamiki alikuwa na majina mengi, na hakuna hata moja alilojichagulia. Chuoni wanafunzi walimwita Mama Joto. Nyumbani mumewe alimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokwisha kuolewa na kuhamia mbali. Na kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa idara alikuwa herufi mbili tu ndani ya kisanduku: saa mbili hadi saa nne asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kisanduku kilekile, miaka ishirini na miwili.

Hebu fikiria kusema jambo moja kwa miaka ishirini na miwili. Joto huenda kutoka penye moto kwenda penye baridi, halirudi lenyewe. Mara ya kwanza unalisema macho yamekutoka, kwa sababu ni jambo la ajabu kweli: chai yote duniani inapoa, na hakuna kikombe hata kimoja kilichowahi kupata moto chenyewe juu ya meza. Mara ya kumi unalisema vizuri zaidi. Mara ya mia mbili mdomo unalisema peke yake, na wewe uko dirishani unatazama mfagiaji anavyokusanya majani ambayo upepo unamtawanyia tena.

Mama Joto alikuwa amefika hapo dirishani zamani.

Darasa lenyewe lilikuwa la watu sitini, viti vimefungwa sakafuni kwa misumari, na ndani yake walikaa watu mia moja na watano. Zamani walikuwa wanafizikia peke yao. Miaka mitatu iliyopita mwalimu aliyekuwa akiwafundisha wanakemia aliondoka kwenda kufanya kazi kwingine, chuo hakikupata mwingine, na siku moja Mama Joto alifungua mlango akakuta darasa limekuwa mara mbili. Hakuna aliyemuuliza. Barua ilikuja baada ya wiki.

Wanafizikia walikaa kulia, wanakemia kushoto, na katikati njia nyembamba, kama ukoo wa bwana na ukoo wa bibi waliogombana siku ya harusi. Wa kulia waliwaita wa kushoto "wapishi", kwa sababu kila mara wako na chupa na moto. Wa kushoto waliwaita wa kulia "mafundi baiskeli". Na ugomvi wao haukuwa wa masihara tu. Kulikuwa na jambo lililowatenganisha kwelikweli, nalo ni dogo, la kuchekesha ukilijua.

Chukua gesi, iweke ndani ya silinda, na juu yake weka pistoni kama kifuniko cha sufuria. Ipashe moto. Gesi inatanuka, inasukuma kifuniko, kwa hiyo imefanya kazi. Sasa kazi hiyo uiandike kwa alama ya jumlisha au ya toa? Mwanafizikia, ambaye moyoni ni mtu wa injini, anasema jumlisha, maana injini yangu imenipa kitu. Mwanakemia, ambaye moyo wake uko ndani ya chupa pamoja na gesi, anasema toa, maana gesi yangu imetumia nguvu, imepungukiwa. Wote wako sahihi. Kila mmoja ana kanuni inayolingana na alama yake, na mwisho wa hesabu wanakutana kwenye jibu lilelile, kama watu wawili walioizunguka nyumba moja, huyu kwa huku na yule kwa kule.

"Sasa Mwalimu, sisi tufuate ipi?" aliuliza mtu wiki ya kwanza, kama kila mwaka.

"Kila mtu afuate ya kwao. Ila mstari wa kwanza andika kanuni yako, nijue namsahihisha mtu wa wapi."

"Na aliyeoa upande wa pili je?" ikatoka sauti nyuma.

"Huyo aniletee talaka kwanza."

Darasa likaangua kicheko. Mama Joto hakucheka. Utani ule ulikuwa umeulizwa mwaka jana, na mwaka juzi, na kila aliyeuliza alidhani ameubuni yeye.

Muhula ukaenda hivyo mpaka mtihani. Na mtihani ndio ulioleta mambo.

Mwaka huo karatasi zilikuwa haba, na ofisi ikatoa agizo: kila mtihani ukurasa mmoja, basi. Mtihani wa Mama Joto ulizidi kwa mstari mmoja. Akautazama juu mpaka chini akitafuta cha kukata, na macho yakatua kwenye mstari mdogo chini ya swali la nne: "Andika kanuni ya alama unayoitumia." Akawaza, hili si nimelisema darasani mpaka koo limekauka? Akaufuta. Mtihani ukaenea.

Swali hilo la nne lilikuwa la gesi inayopita hatua nne kisha inarudi ilikoanzia: inatanuka, inatanuka tena, inabanwa, inabanwa tena. Mwanafunzi aandike kazi ya kila hatua pamoja na alama yake. Mwanafizikia ataandika jumlisha, jumlisha, toa, toa. Mwanakemia ataandika toa, toa, jumlisha, jumlisha. Kila hatua maksi tatu, na alama ikigeuka zote tatu zinakwenda, maana Mama Joto alishikilia kwamba alama ndiyo roho ya swali.

Mwongozo wake wa kusahihishia ulikuwa wa tangu enzi za wanafizikia peke yao. Kila mwaka alikuwa akiandika pembeni, kwa penseli, majibu ya upande wa kemia. Mwaka huu nakala ile ya zamani ilikuwa imechakaa, akachapa mpya, safi, isiyo na penseli popote.

Akakaa kusahihisha. Hakusahihisha mtu mmoja mmoja. Alisahihisha swali moja kwa watu wote, kisha swali linalofuata kwa watu wote, kama mtu anayekunja shati baada ya shati, kola tu, kola tu, kola tu. Siku ya tatu alipofika kwenye swali la nne, mkono ulikuwa unasahihisha na mwenyewe hayupo. Tiki, tiki, tiki, tiki. Mkasi, mkasi, mkasi, mkasi, ile alama ya kukosa. Alipojumlisha akaona wanakemia wanaanguka mmoja baada ya mwingine, ishirini na sita kati ya hamsini na saba, akasema moyoni, wapishi wa mwaka huu wavivu. Akatia sahihi, akapeleka. Mkuu wa idara naye akatia yake bila kukaa kitini.

Baada ya hapo ilikuwa likizo. Mwezi mzima, kuanzia Jumatatu. Aliiomba miaka mitano mfululizo. Watu wakimuuliza utakwenda wapi, alijibu, "Nitalala." Walidhani anatania.

Kulikuwa na utaratibu mmoja wa chuo. Siku mbili kabla ya kikao cha bodi ya mitihani, mwanafunzi aliruhusiwa kuja kuitazama karatasi yake, saa nane hadi saa kumi mchana, mwalimu mwenyewe akiwa amekaa mbele. Haruhusiwi kalamu, haruhusiwi kuondoka nayo. Wengi hawaji. Nani anataka kuitwa mara ya pili kumtambua maiti wake? Jumatano ile walikuja wanne. Watatu walitazama, wakaguna, wakaondoka. Akabaki msichana mmoja wa kemia ambaye wenzake walimwita Titresheni.

Titresheni ni ile kazi ya maabara ya kudondosha dawa kutoka kwenye bomba la kioo, tone baada ya tone, mpaka rangi ibadilike. Ndivyo alivyokuwa akizungumza. Neno, kimya. Neno, kimya. Ungeweza kumenya chungwa zima ukimsubiri amalize sentensi. Somo hili alikwisha kulifeli mwaka uliopita, na sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukilifeli mara mbili, unaondolewa. Kupita ni maksi arobaini. Yeye alikuwa na thelathini na nne.

Alikaa na karatasi yake nusu saa nzima. Kisha akainuka.

"Mwalimu."

"Naam."

"Hapa..." Kimya. "Hapa kwenye hatua ya tatu."

"Ina nini hatua ya tatu?"

"Umenipa tiki."

Mama Joto akainua macho. "Umekuja kulalamikia tiki?"

"Nadhani... nimekosea hapo. Na hizi nyingine... zenye mikasi... nadhani hizi nimepata."

"Mwanangu, mtu anayekataa tiki zake na kuililia mikasi yake, huyo amechoka kuliko mimi."

Titresheni hakucheka, wala hakuondoka. Akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa, kwenye mstari wa kwanza. "Nimeandika kanuni ya kwetu. Ulisema..."

"Nilisema nini?"

"Kila mtu ya kwao."

Moyo wa Mama Joto ulienda mbio kidogo, kisha nao ukachoka. Akatazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika mbili.

"Haya. Muda umekwisha. Iache hapo, nitaitazama."

"Lini, Mwalimu? Bodi ni..."

"Najua bodi ni lini."

Msichana akatoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mama Joto akazikusanya karatasi, akazifungia kabatini, akazungusha ufunguo mara mbili. Hakuitazama. Na hapa ndipo penye mambo: hakuitazama kwa sababu alikwisha jua. Aliujua ule mwongozo safi usio na penseli. Aliona mbele yake karatasi hamsini na saba zikimwangalia, na nyuma yake kitanda kikimwita, akachagua kutoona hiki wala kile. Akaenda nyumbani kwa miguu.

Nyumbani, chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi friji. Watu mtaani walimwita Baba Baridi, na utani wake wa miaka yote, aliokuwa akiutoa kwa kila mgeni, ulikuwa huu: "Mke wangu anafundisha joto, mimi nalifukuza. Nyumba yetu ni vuguvugu daima." Jioni ile alikuwa amelala chali nyuma ya friji kubwa jeupe, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Karibu, Mama Pacha. Ruka hiyo waya, ina umeme."

"Umeiacha na umeme kwa nini?"

"Ili nijue ilipo." Akatoka, uso una vumbi. "Mbona umerudi na sura ya barua ya kodi?"

Mama Joto akakaa juu ya kopo la rangi bila kuvua viatu. "Hilo friji si ulilimaliza wiki iliyopita?"

"Nililimaliza. Nikafunga feni kinyume, ikawa inavuta pale inapotakiwa kupuliza. Mwenyewe kaja nalo asubuhi juu ya mkokoteni, nyama zimemwozea, kanitukana mpaka jirani katoka na kiti chake akae asikilize vizuri."

"Ukakubali?"

"Nikatae nini, na feni hiyo hapo?"

Mama Joto akamweleza yote, mstari aliokata, mwongozo, msichana na tiki yake. Mumewe alikuwa akifuta bisibisi kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Wameumia wangapi?"

"Sijui. Ishirini na kitu. Huyo mmoja anaondolewa kabisa."

"Kwa kosa la nani?"

"Baba Pacha, nimechoka."

"Najua umechoka, mke wangu. Hilo sikuuliza."

Kompresa ya friji jingine kule pembeni ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza.

"Mimi nikikosea," akasema fundi, "friji linarudi lenyewe mlangoni, na mwenyewe, na matusi yake. Nalishukuru. Wako akishaondolewa, atarudi na mkokoteni?"

Mama Joto alikula kidogo, akaoga, akalala mapema, na asubuhi aliamka amechoka vilevile, kwa sababu kuna uchovu ambao kitanda hakiujui.

Alhamisi saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara kabla mwenyewe hajafika. Mkuu alikuwa mwanafizikia mnene, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, mtu mwema asiyependa jambo lolote lianze upya.

"Mkuu, nimeharibu."

"Subiri niketi." Akaketi. "Sema."

Akasema. Mkuu akavaa miwani, akaivua.

"Wewe umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Na mimi nimetia?"

"Umetia."

"Basi, dada yangu, mavi ya kale hayanuki."

"Haya si ya kale, Mkuu. Bado yanatoka mvuke."

Mkuu alicheka bila kupenda, tumbo likasukuma meza. Kisha akawa mzito. Akafungua kitabu cha sheria za mitihani, akaweka kidole. Kufungua matokeo yaliyotiwa sahihi kunataka barua ya msahihishaji kukiri kosa, na barua hiyo inakaa kwenye faili lake mpaka siku anastaafu. Kunataka msahihishaji wa pili, kalamu ya kijani, karatasi zote zilizohusika na si moja. Na aliyesababisha ndiye atakayewafundisha na kuwatahini tena walioanguka, mwezi wote wa likizo.

"Likizo yako hii uliiomba miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na mwakani huenda usipewe."

"Najua."

"Kwa msichana mmoja ambaye hata akisema habari za asubuhi, jua linamzamia?"

"Si kwa ajili yake peke yake, Mkuu. Lakini hata angekuwa peke yake." Akakaa kwenye kiti cha wageni. "Kalamu ya kijani iko wapi? Na msahihishaji wa pili ni nani, wengine wote wameshaondoka?"

Mkuu akatazama dari. Msahihishaji wa pili alikuwa yeye.

Wakasahihisha siku nzima, meza moja, feni ya dari ikizungusha hewa ileile. Mama Joto alisoma mstari wa kwanza wa kila karatasi kwa sauti, aone mtu katumia kanuni gani, maana wote waliiandika kama alivyowaambia darasani; Mkuu akatia kijani.

"Toa, toa, jumlisha, jumlisha," Mkuu akawa anaguna. "Hawa watu wanaandika kama mtu anayepanda ngazi kinyumenyume."

"Nao wanasema hivyohivyo juu yenu."

"Na vijana wetu je? Hakuna aliyeandika ya wapishi?"

"Nimewapitia asubuhi. Wote wameandika ya kwenu."

Kufikia saa tisa, wanakemia waliokuwa wameanguka walikuwa wanapanda mmoja mmoja. Lakini kalamu ya kijani haikumwonea huruma mtu. Wawili walikuwa wameandika kanuni ya kemia juu, kisha chini alama za kifizikia tupu, jumlisha, jumlisha, toa, toa. Shingo zao zilikuwa zimevuka ile njia nyembamba ya katikati wakati wa mtihani. Mara ya kwanza walipewa maksi zote kumi na mbili. Sasa zikaondoka. Mmoja alibaki salama. Mwingine alishuka kutoka arobaini na tano hadi thelathini na tatu. Mama Joto alimjua, kijana mcheshi wa kiti cha mbele. Akaitazama karatasi yake muda mrefu.

"Huyu tumwache na zake?" akauliza Mkuu, kwa sauti ndogo.

"Andika alichopata."

Karatasi ya hamsini na moja ilikuwa ya Titresheni. Juu, kanuni ya kemia, kwa mwandiko wa polepole uliobonyea upande wa pili. Chini: toa, toa, toa, jumlisha. Hatua ya tatu amekosea, kama alivyosema mwenyewe. Pale alipopewa tiki ndipo alipokosea, na pale pote alipokatwa ndipo alipopata. Ondoa tatu, ongeza tisa. Thelathini na nne ikawa arobaini.

Mkuu akaweka kalamu chini. "Arobaini kamili."

"Naona."

"Arobaini kamili inanuka, dada. Bodi wataona tumempikia. Mwongeze mbili mahali, ionekane ya kawaida. Au mpunguzie moja, twende tukapumzike."

Mama Joto alifikicha macho kwa viganja. Kusema kweli, kwa nukta kadhaa aliliwaza lile la pili. Moja tu. Hakuna atakayejua, hata Titresheni.

"Hana mbili za kuongeza wala moja ya kupunguza," akasema. "Ana arobaini. Leta inayofuata."

Ijumaa saa tatu asubuhi bodi ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye sifa moja kubwa: hakuwahi kuiamini jumla aliyoletewa na mtu. Akaisoma barua ya Mama Joto kwa sauti, mbele ya walimu kumi na wanne. Barua haikuwa ndefu. "Niliwasahihisha watu hamsini na saba kwa mwongozo usio wao. Kosa ni langu, si lao." Kuna aliyekohoa. Kuna aliyetazama nje. Miaka ishirini na miwili ya kuheshimiwa, na sasa anasomwa kama tangazo la kitu kilichopotea.

"Ishirini na tatu wamevuka," akasema Mwenyekiti, "mmoja ameshuka. Sawa. Na huyu wa arobaini. Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Jirani?"

"Hapana."

"Huwa anakuja kwako nyumbani?"

"Mwenyekiti, hata mimi mwenyewe kwangu siji sana."

Walimu wakacheka, isipokuwa Mwenyekiti. Akasema atahesabu mwenyewe. Akaivuta karatasi ya Titresheni, akaanza swali la kwanza, ncha ya kalamu ikigusa kila maksi, midomo ikitembea. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti kirefu, kr, kr, kr. Mama Joto alitaka kuifuata ile ncha ya kalamu mpaka mwisho, aone msichana anabaki au anakwenda. Aliifuata mpaka swali la pili. Kisha kidevu kikashuka.

"Mwalimu. Mwalimu!"

Akashtuka. Watu wote walikuwa wanamtazama, na shavuni mwake kulikuwa na alama ya waya wa daftari.

"Ngapi?" akauliza.

"Arobaini," akasema Mwenyekiti. "Nimehesabu mara tatu. Nilitaka sana isiwe." Akamsogezea fomu. "Tia sahihi hapa, na hapa. Na hapa ni ya kuahirisha likizo."

Akatia mara tatu. Ya tatu ilitoka imepinda kidogo.

Titresheni alikuwa kwenye korido, peke yake. Wenzake walikuwa wamejazana kwenye ubao wa matangazo upande wa pili, wakisubiri matokeo yabandikwe, lakini yeye hakwenda huko. Msimamizi wa bweni alikuwa ameshamwambia, kwa nia njema, ajiandae kuhama mapema asije akafungiwa mlango. Kwa hiyo alikuwa amekaa juu ya godoro lake, limekunjwa na kufungwa kamba, na ndoo yenye vitabu miguuni. Alipomwona Mama Joto akasimama.

"Mwalimu."

"Umebaki," akasema Mama Joto. "Una arobaini."

Midomo ya msichana ikafunguka, lakini tone halikudondoka.

"Na hatua ya tatu ulikosea kweli. Ile tiki nimeiondoa."

"Nil... nilijua. Asante, Mwalimu. Asante sana."

"Usinishukuru." Mama Joto akaegemea ukuta. Alikuwa amechoka hata kutafuta maneno mazuri, akatoa yaliyokuwepo. "Wewe ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Ulikuja kuniambia nikakufukuza kwa saa ya ukutani, na huku nimeshajua. Nisamehe, binti yangu."

Katika shule zote alizopitia, hakuna aliyewahi kumfundisha Titresheni mtu anajibu nini mwalimu akimwomba msamaha. Alisimama pale, macho yanahangaika kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye ndoo. Mwishowe akaona jambo moja analolijua.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba."

Kule kwenye ubao kelele zikalipuka, matokeo yamebandikwa. Mtu alipiga mluzi. Mtu mwingine, sauti ya yule mcheshi wa kiti cha mbele, akauliza, "Thelathini na tatu ya nani hii?" Mama Joto akaisikia. Jumatatu saa mbili asubuhi angekuwa naye darasani, yeye na wengine wachache walioanguka, katika chumba cha viti sitini.

Akaliinamia godoro, akashika ncha moja ya kamba.

"Haya, shika huko. Bweni lenu liko ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne, Mwalimu."

Mama Joto akafumba macho, akavuta pumzi, akainua.